Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muulizeni mgonjwa amelalaje

Mheshimiwa Waziri,

Faili la mama yangu lilinenepa mpaka likafungwa kwa kamba. Baada ya mazishi nililisoma ukurasa kwa ukurasa: picha za mifupa, vipimo vya damu, majibu ya kinyama kilichokatwa titini, tarehe za mionzi. Hakuna palipoandikwa kwamba kwa majuma matatu alilala ameketi kitini, kwa kuwa akijinyoosha tu mgongo ulimwaka moto.

Hakuna aliyeandika kwa sababu hakuna aliyeuliza. Naye hakusema. Akiingia kwa daktari alijikaza, akatabasamu, akajibu "sijambo". Wengi wako hivyo. Wanaona foleni ilivyo ndefu, au wanaogopa kwamba wakilalamika wataachishwa tiba.

Simlaumu mtu. Saratani ilikuwa imeshaingia mifupani na tulijua haitapona. Nakuandikia kuhusu ile miezi tisa iliyobaki, ambayo ingeweza kuwa na usingizi ndani yake.

Hatimaye alipewa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Siku tatu za kwanza alilala kama mtoto. Kisha choo kikafunga, siku ya nane tumbo limekuwa gumu kama ubao. Tukaogopa, tukaiacha dawa, maumivu yakarudi yote. Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu, jirani yetu. Alitueleza kwamba kichefuchefu na usingizi mzito wa morfini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, ila kufunga choo hakuzoeleki. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Sentensi moja tu! Dirisha la dawa lingeshindwa nini kuitamka? Huyohuyo ndiye aliyetufundisha kumpepea usoni pumzi inapombana, na kweli ilimtuliza.

Mheshimiwa, haya si mageni wizarani. Morfini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine ya ugonjwa mzito, katika mifumo yao ya afya. Hata hivyo shirika hilo linakadiria kwamba kati ya wanaohitaji tiba shufaa duniani, ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata.

Wapo, hata miongoni mwa watumishi wa afya, wanaodhani tiba shufaa ni kumkatia mgonjwa tamaa. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, sambamba na tiba ya saratani yenyewe, walikuwa na maisha bora na sonona kidogo. Tena waliishi zaidi: wastani wa kati ulikuwa miezi 11.6, dhidi ya 8.9 kwa wenzao.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kila siku ya kliniki, pale mgonjwa anapopimwa presha, aulizwe: maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi? Umelalaje? Choo je? Pumzi je? Kipi kinakutisha usiku? Majibu yaingie kwenye faili na daktari asaini chini yake, kama anavyosaini majibu ya damu. Anayemuuguza naye aulizwe, tena pembeni, maana mbele ya mgonjwa wetu sisi pia hujikaza. Na hiyo morfini iandikwe pamoja na dawa ya choo, kwenye cheti kimoja.

Ukurasa wa mwisho wa faili la mama uliandikwa siku nne kabla hajafariki. Una mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri unaosomeka: "Mgonjwa anasema hajambo."

Wako,
Mtoto aliyemuuguza