Tongoni nayo ipate wa kuisimulia

Ndugu mhariri, naomba nafasi niseme la moyoni kuhusu magofu ya Tongoni hapa kwetu Tanga, jambo ambalo limenikaa zaidi tangu tulivyoenda na familia kwa gari mpaka Mombasa kuiona ngome ya Fort Jesus.

Njia yenyewe haina tabu, lami mpaka Horohoro, unagonga muhuri unavuka Lunga Lunga, unapita Ukunda, Likoni unapanga foleni ya feri na ukishuka upande wa pili uko mjini. Watu wa Tanga ambao hamjaenda nendeni jamani, ila hati ya kusafiria na bima ya gari ya kuvukia mpaka mzishughulikie mapema.

Sasa ile ngome! Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoraji wake Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kuta za matumbawe nene kwelikweli, na kijana aliyetuzungusha anaongea Kiswahili cha Kimvita kitamu, akatueleza Waomani walivyoizingira kuanzia 1696 mpaka 1698, karibu miaka 3, waliomo ndani wanakufa kwa njaa na maradhi, na watoto wetu waliokuwa wanalalamikia jua wakanyamaza kimya wanamsikiliza. Mie kilichonigusa zaidi ni jela. Mwingereza aliifanya gereza toka 1895 mpaka 1958, na hiyo sio habari ya masultani na manahodha, hiyo ni ya watu wa kawaida kabisa, wapo wazee hai leo walioikuta bado ni jela.

Njiani kurudi mwanangu akaniuliza, sisi Tanga hatuna? Tunayo. Shika njia ya Pangani, kama kilomita 17 tu, utakuta Tongoni, gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, ya tangu karne ya 14 na 15, yaani watu walishazikwa pale kwa heshima zote kabla Mreno hajaweka jiwe lake la kwanza Mombasa. Mawe ni matumbawe yale yale na chokaa ile ile. Kwenye nguzo walikuwa wanapachika bakuli za kauri kutoka ng'ambo, watu waliokuwa na biashara zao na uwezo wao. Nguzo nyingi zimeshaanguka.

Ombi langu kwa wahusika wa mambo ya kale na halmashauri ni hili, chukueni vijana wa kijiji cha Tongoni penyewe muwafundishe historia ya lile eneo, waongoze wageni kwa Kiswahili na walipwe kwa kazi hiyo. Wazee wa pale wana mengi ya kusimulia na wakiondoka yanaondoka nao. Nguzo zilizobaki zishikiliwe na mafundi wanaoijua chokaa, sio mtu aje na saruji yake, saruji ni ngumu kuliko matumbawe na inafungia unyevu ndani, jiwe linaozea humo humo.

Na nyie walimu wa historia wa Tanga, kabla hamjachangisha wazazi hela za basi la kwenda mbali, wapelekeni wanafunzi Tongoni kwanza. Ni asubuhi moja tu, mchana wameshakula makwao.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga