Asante, mwenye koti la kijivu

Jina lako sikuliuliza, na hilo najilaumu nalo mpaka leo.

Pikipiki yangu ya theluji ilikuwa imechomeka pua kwenye tuta, miti kushoto na kulia. Bila rivasi sitoki. Nabonyeza kitufe, wapi! Watu wawili walipita wakanipungia mkono, wakaenda zao.

Wewe ulizima yako ukashuka. Hukukimbilia spana. Uliniuliza kwanza: rivasi ya gia au ya kitufe? Kisha ukanifafanulia, bila kunidharau, kwamba injini hii ya mipigo miwili (pistoni hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mlipuko) haina gia ya nyuma. Kompyuta huipunguza kasi mpaka karibu izime, halafu hurusha cheche mapema ili krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, igeukie upande wa pili. Kwa hiyo ikiwa injini inazunguka kasi mno, haikubali. Ukatega sikio, mlio ulikuwa sawa.

Ndipo ukavua glavu, baridi ile, ukafuata waya wa kitufe hadi kwenye plagi yake chini ya usukani. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Ukaikwangua taratibu kwa ncha ya kisu, vidole vimekufa ganzi, ukaipuliza, ukaichomeka.

"Achia wenzo wa mafuta, bonyeza."

Injini ikakohoa, kama inakata roho, ikageuka. Nikarudi nyuma mwenyewe.

Nanyi mnaopunga mkono, siku nyingine simameni muulize tu.

Kisu chako ulikisahau kitini kwangu. Ninacho.