Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: tunaomba saini kabla Mei haijaisha

Ndugu Mkurugenzi,

Tunatambua una majukumu mengi. Hati ya makubaliano kati ya sekondari zetu na hospitali, ya kuwaruhusu wanafunzi kwenda kujionea kazi za afya, ina kurasa nne tu, na imelala mezani kwako tangu ulipoiahidi mbele ya wazazi, Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Ulipigiwa makofi mengi.

Jumanne wiki hii wanafunzi wa Kidato cha Pili wamerudishwa getini hospitalini. Mlinzi hana kosa. Hawakuwa na barua wala kadi ya chanjo ya homa ya ini B. Hata sisi tungewarudisha.

Kwenye chanjo ndipo ofisi yako haitaki kutusikia. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ya kwanza. Mtoto akianza tarehe za mwanzo za Juni, anamaliza Desemba, mtihani wa Kidato cha Pili umekwisha, anaingia hospitalini likizo akiwa na kinga. Akianza Julai anamaliza Januari, na Januari ndiyo wengi wanaacha Fizikia, kabla hawajaingia hospitalini. Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne ndipo wanagundua kwamba stashahada za utabibu na uuguzi zinadai ufaulu wa Biolojia, Kemia na hiyohiyo Fizikia. Kwa hiyo lile jibu lenu la "kikao cha robo ijayo", yaani kuanzia Julai, linafuta mkupuo mzima wa wanafunzi. Au inasubiriwa Nane Nane nyingine?

Tunahisi mnaogopa ajali za sindano. Ni hofu ya haki, na ukurasa wa pili umeijibu, kama umesomwa. Mwanafunzi hagusi sindano wala boksi la taka zenye ncha kali. Anavaa viatu vya kufunika, simu inabaki shuleni, anasaini kutunza siri za wagonjwa, mzazi anasaini idhini. Wanaingia watano kwa msimamizi mmoja, saa nane mchana, maana asubuhi, madaktari wakipita wodini kuona wagonjwa, wanawazibia wauguzi njia. Likitokea la kutokea, jeraha linaoshwa kwa maji na sabuni bila kukamuliwa, na dawa kinga ya VVU inaanza haraka, isipite saa 72, kwa siku 28.

Wala hawaendi kumtazama daktari tu. Wanapita maabara, famasia, mionzi, na chumba cha kutakasia vifaa, ambako mvuke wa nyuzi 121 chini ya mgandamizo unafundisha Fizikia kuliko ubao wetu.

Mashine za presha mlizotuma tumezipokea, asante. Mikanda ni ya watoto. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Kwa hesabu hiyo ofisi ya walimu nzima ni wagonjwa. Lakini hilo litasubiri. Saini haiwezi kusubiri.

Saini hati kabla ya tarehe 31 Mei. Kama nakala ya kwanza imepotea, ya pili iko masjala.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Walimu wa sayansi na wahudumu wa afya, Uyole, Mbeya