Mama wa kitenge cha kijani, asante

Shikamoo mama, popote ulipo. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Mimi ni yule kijana wa Tanga uliyekaa naye kwa daktari, hapa Marekani, siku ya kupimwa afya kwa ajili ya maombi ya ukaaji wa kudumu.

Nilikabidhiwa fomu I-693, ile ya majibu ya vipimo, ndani ya bahasha iliyofungwa. Kidole kilishaingia pembeni, nichungulie nilivyoandikiwa. Ukapaza sauti: "Mutoto yangu, usifungule!" Chumba kizima kikageuka. Kumbe ikishachanika uhamiaji hawaipokei, unarudi kwa daktari na mfuko wako.

Hukuishia hapo. Ukauliza kama nina safari. Ninayo, nikasema, harusi ya dada. Ndipo ukanieleza kwamba kwa wengi wetu, ukitoka nchini I-485, yaani fomu yenyewe ya maombi ya ukaaji, ikiwa bado haijaamuliwa, bila kibali cha kusafiri kilichotolewa kabla, unahesabiwa umeyaacha maombi mwenyewe. Nikabaki. Dada alininunia miezi miwili (ana haki), tumeshayamaliza.

Kadi ya ukaaji imefika wiki iliyopita kwa posta. Bahasha hiyo nimeifungua, mama.