Kuhusu Padri Kaiser

Naivasha

Rafiki yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu! Barua yako nimeipata, na nimeshukuru kusikia mama ametoka hospitalini. Mwambie tunamwombea.

Umeniuliza nitamzungumzia nani siku ya kuwaombea mapadri katika jumuiya yetu. Nimemchagua Padri John Kaiser, na ningependa wewe uwe wa kwanza kunisikiliza.

Alitoka Minnesota, Marekani, akawa mwanajeshi kabla ya kuingia shirika la wamisionari la Mill Hill. Alipata upadrisho mwaka 1964, akaja Kenya. Miaka mingi alikuwa Kisii, akijenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hayo tu ningempenda, lakini kilichonigusa zaidi ni yaliyotokea Maela, huku kwetu Naivasha.

Watu walipofukuzwa Enoosupukia, kule Narok, katika ghasia za kikabila mwaka 1993, maelfu walikimbilia Maela wakaishi chini ya makaratasi ya nailoni. Padri Kaiser akakaa nao. Mwishoni mwa 1994 malori yakaja usiku kuwahamisha kwa nguvu. Jirani yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anasema sufuria ya githeri iliachwa jikoni ikichemka, wakarushwa kwenye lori bila hata blanketi. Padri, mzee wa miaka 62, alikataa kuwaacha, hadi askari wakamwondoa kwa nguvu.

Kuna wanaosema padri abaki altareni, mambo ya serikali hayamhusu. Siwakubali hata kidogo. Kondoo wakibebwa usiku, mchungaji abaki sakristia akikunja kanzu?

Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyoundwa kuchunguza zile ghasia za kikabila, akawataja wakubwa wa serikali kwa majina. Wewe unakumbuka enzi zile, majina hayo tulikuwa tukiyanong'ona hata ndani ya nyumba zetu. Serikali ikajaribu kumrudisha kwao, naye akang'ang'ania kubaki na Wakristo wake wa parokia ya Lolgorien. Angeweza kwenda kupumzika kwa ndugu zake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara, hapa karibu na kwetu, amepigwa risasi kichwani. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani wakasema alijiua. Maaskofu walikataa, na mwaka 2007 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho akaamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Desemba ukienda kwa shemeji Kilgoris, tafadhali fika Lolgorien alikozikwa. Mwombee, utuombee na sisi, kisha unipigie picha ya kaburi niwaonyeshe wanajumuiya. Nauli nitakutumia kwa M-Pesa, usikatae.

Nisalimie watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Wanjiru