Barua kwa Farida: Hogwarts ya kutwa?

Kwako shoga yangu Farida,

Salamu nyingi sana, na wote hapo nyumbani wape zao. Sisi hatujambo. Mama mguu umeanza kumpa nafuu, Kibwana ni yuleyule unayemjua. Mengine tutaongea tukionana. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya Mwanaidi.

Jumamosi hukuja, basi umepitwa na kisa. Tumekaa vizuri, vitabu mapajani, mara mwenzetu anatangaza kwamba Hogwarts, ile shule ya uchawi ya kwenye vitabu vya Harry Potter, ingeweza kabisa kupokea wanafunzi wa kutwa. Eti kama mtoto kwao ni Hogsmeade, kijiji kiko puani pa shule, alale bwenini kwa nini? Kibwana akadakia, "Na moto wa Floo je, ule wa kuingia meko ya kwako na kutokea meko ya kwingine?" Wakapeana mikono, kesi imekwisha. Nilivyopandwa na hasira hata neno halikunitoka, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa neno.

Haya, nimpe haki yake kwanza. Usafiri kwa mtoto wa wachawi hauna shida. Kitabu cha sita, baada ya Krismasi, wizara ya uchawi iliunganisha moto ili wanafunzi warudi shuleni haraka, wakawa wanatokea ofisini kwa mwalimu McGonagall. Njia ipo. Na Waingereza wenyewe hawana mtindo mmoja: Eton wote hulala hukohuko, lakini Westminster na Rugby wa bweni na wa kutwa husoma pamoja. Kwa hiyo kusema "haijawahi kuonekana" siwezi.

Ila Mwanaidi anawaza watoto wa akina Weasley tu, wachawi wa kuzaliwa. Hermione je? Wazazi wake ni Muggle, watu wasio na uchawi, madaktari wa meno, moto wa Floo wataujulia wapi? Kumbuka kitabu cha nne, Bwana Weasley alipomfuata Harry kwa akina Dursley, jamaa zake Muggle waliomlea. Meko ya Muggle hayatakiwi kuunganishwa, ikabidi amwombe mtu wake amfanyie kwa mchana ule mmoja. Kufika, meko yenyewe yamezibwa, mbele wameweka hita ya umeme! Baba na wanawe wakabanana mle ndani, wanagonga, wanapiga kelele, mpaka mzee akalipua kizuizi na sebule ya watu ikajaa vifusi. Sasa huo ndio usafiri wa kila asubuhi? Na mzazi akisema nitampeleka mwenyewe kwa gari, shule imefichwa Muggle wasiione, akifika machoni pake ni gofu tu lenye kibao cha hatari. Atamshusha mtoto wapi?

Lakini hata hilo si linaloniuma. Linaloniuma ni kazi za kufanyia nyumbani. Mwanafunzi hajafika miaka 17, sheria inamkataza uchawi nje ya shule. Wizara inaona kwamba uchawi umefanyika karibu na mtoto, haioni nani kaufanya. Dobby, kile kijitu mtumishi cha kichawi, alipoinua ile keki kwa akina Dursley na kuiangusha, barua ya onyo ilikuja kwa jina la Harry. Nyumba iliyojaa wachawi, nani atamjua aliyeinua fimbo? Wizara imewaachia wazazi wenyewe. Kwa hiyo huyu wa kwa wachawi atarudi jioni na kurudia somo mpaka limkae, na mtoto wa Muggle atakaa na fimbo yake mezani akiiangalia. Mwaka mmoja tu, Malfoy, mtoto wa wachawi, yuko mbali, na Hermione na akili yake yote anaburuzwa. Bweni ndilo linalowasawazisha, shoga. Wote darasa moja, ukumbi mmoja, usiku mmoja.

Tena usiku! Elimu ya nyota mwaka wa kwanza ilikuwa kila Jumatano saa sita usiku. Mwanafunzi wa kutwa wa saa sita usiku, nani kaona wapi? Hapo Kibwana alicheka mwenyewe.

Na sisemi walazimishwe. Lupin, aliyewahi kuwa mwalimu wao, alieleza kwamba zamani mzazi aliweza kumfundisha mwanawe nyumbani au kumpeleka nje, ni watu wa Voldemort, yule mchawi mwovu, waliofanya Hogwarts iwe lazima, wapate kuwachunga watoto wote. Kwa hiyo lazima nayo ina ubaya wake, na hapo Mwanaidi ana pa kunishikia, ndiyo maana… aa, tuache. Mimi namfikiria Riddle, Voldemort huyohuyo alipokuwa mwanafunzi, akimwomba mkuu wa shule Dippet abaki shuleni likizo nzima asirudi kituo cha yatima, akakataliwa. Namfikiria Harry arudi kwa akina Dursley kila jioni. Kuna watoto ambao kwao ni bwenini. Mwanaidi nilipomwambia, akasema naleta huruma kwenye hoja!

Sasa shida yangu kwako: kitabu changu cha nne bado unacho. Usikatae, nimeona kwa macho yangu ukikitia mkobani. Jumamosi hii njoo nacho, nataka nimfungulie ukurasa ule wa meko mbele ya watu.

Na wewe unasemaje? Ungemruhusu mtoto wa Hogsmeade peke yake alale kwao, au ukimfungulia mlango mmoja wengine wote watadai? Huyo wa kutwa angeingia Gryffindor, nyumba ya shule ya akina Harry, au wangemtafutia nyumba yake? Na nywila ya mlango wa bweni angepewa, wakati jioni anaondoka nayo? Utakuja kweli lakini, au unanipa ndiyo ya juzi? Na Rehema umempata?

Ni mimi wako,
Tatu