Mafundi, tuulizeni umri kabla ya kutuwekea taa za bluu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumze na mafundi umeme wa magari, pamoja na vijana wanaowachagulia wazee wao taa za dashibodi.

Mimi ni mkunga mstaafu wa miaka 66, naishi Morogoro. Enzi za kazi nilisoma zebaki ya kipimo cha presha kwa mwanga wa kandili, kwa hiyo sikudhani kama siku moja nitashindwa na namba za dashibodi ya gari. Mwaka jana balbu za dashibodi ziliungua, nikampa mjukuu wangu gari aipeleke kwa fundi pale Msamvu. Ikarudi inang'aa bluu kama duka la simu. "Za kisasa hizo, Bibi," akaniambia. Nikashukuru.

Shukrani ziliniishia usiku tukitoka Dumila. Kila namba ilikuwa na ukungu, 60 na 80 sizitofautishi, na mshale mwekundu umezama humo humo. Mjukuu, miaka 19, akageuka msomaji wangu: "Bibi, themanini hiyo. Bibi, kile kibao cha hamsini." Na kila nilipoinua macho baada ya kuikodolea ile bluu, hata ukingo wa lami ulinipotea. Kuna baiskeli isiyo na taa niliyoiona ikiwa tayari ubavuni mwetu.

Nilikwenda kupima macho nikihofia mtoto wa jicho. Sikuwa naye. Mpimaji akanikumbusha somo nililolisahau tangu chuoni: lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri mtu anavyozeeka, na mboni haifunguki tena vya kutosha gizani. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho kama theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Rangi ambayo ule umanjano huizuia zaidi ni hiyo hiyo bluu. Kumbe mjukuu wangu hakukosea, yeye aliziona namba vizuri kabisa!

Akaniuliza pia miwani. Nina ya kusomea, na hiyo hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Nilipofika nyumbani nikachukua tepu ya kushonea nguo, nikaketi kwenye usukani, nikapima kutoka puani hadi kwenye saa ya spidi: sentimita 72. Wazee wenzangu, mkienda kupimwa, nendeni na kipimo chenu hicho mkononi.

Nikarudi kwa fundi, nikamwomba anirudishie balbu za kawaida, zile zenye rangi ya moto wa kuni. "Mama, wenzako wananilipa nizitoe hizo za kawaida," akasema huku anafungua skrubu. Alipomaliza akagusa kigurudumu kidogo pembeni mwa usukani, namba zote zikapanda mwanga. Gari ninalo mwaka wa sita sasa, sikukijua! Kitabu chake cha maelekezo ni cha Kijapani kitupu. Siku hizi nikiwa mjini penye taa nyingi naongeza; nikishatoka mjini napunguza mpaka pale ninapoweza kusoma tu, maana mwanga ukizidi ndani ya gari, nje giza huongezeka.

Sisemi mafundi waache kuuza bluu. Anayeitaka auziwe. Ila mteja mwenye mvi aketishwe kwanza garini jioni, asome namba kwa sauti, ndipo alipe. Na nyie mnaotuletea magari kutoka Japani, karatasi moja ya Kiswahili ya kutuonyesha kile kigurudumu itawagharimu nini?

Zile balbu za bluu nilirudishiwa kwenye kimfuko cha nailoni. Mjukuu amezichukua, anasema rafiki yake atazifunga kwenye bodaboda.

Mkunga mstaafu,
Morogoro